Nguo za 3D zinazoanguka kama nguo kweli: anza na vipimo, slaida baadaye

Watu wengi wakishaweka kitambaa juu ya modeli, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni slaida za ugumu, wanazisogeza kushoto kulia mpaka usiku wa manane na gauni bado linaonekana kama limetengenezwa kwa plastiki. Mara nyingi slaida wala hazina kosa. Tatizo liko chini zaidi, kwenye ukubwa wa modeli, hatua za muda, meshi (ule wavu wa nukta na pembetatu unaounda kitambaa), na jinsi nguo yenyewe ilivyokatwa. Hivyo vinne vikikaa sawa unaweza kuacha slaida nyingi kwenye difolti na nguo ikaanguka vizuri tu, vikikaa vibaya hakuna namba itakayokuokoa. Kwa hiyo nitaenda kwa mpangilio huo, slaida tutazifikia lakini siyo sasa hivi.

Mifano mingi nitatoa ya Blender maana ni ya bure na yeyote anaweza kuishusha, ila mantiki ni ile ile hata kama uko Houdini, Maya au Marvelous Designer. Huko chini kuna kipande cha wanaotaka kuandika solva yao wenyewe, yaani ile programu inayopiga hesabu za mwendo wa kitambaa, kama kuandika programu siyo mambo yako kiruke tu, hutapotea.

Ukubwa kwanza

Hii ni kazi ya dakika moja lakini ndo inayoharibia watu wengi kuliko zote. Pima modeli yako. Mtu mzima ana kama mita 1.7 hivi. Ukileta faili kutoka programu ingine mara nyingi sentimita zinasomwa kama mita, unajikuta na jitu la mita 170, na kwenye skrini huoni tofauti yoyote maana kamera nayo imerudi nyuma. Fizikia ndo inaona. Uvutano ni 9.81 m/s² na haujui wewe ulikuwa unakusudia nini: kitu kikianguka mita 1 kinatumia kama sekunde 0.45, kikianguka mita 100 kinatumia sekunde 4.5. Sasa pindo la sketi lililotakiwa kushuka ndani ya nusu sekunde linashuka mara kumi polepole zaidi, linaelea elea, na wewe unadhani kitambaa ni chepesi unaanza kuongeza uzito, wakati uzito hauongezi kasi ya kuanguka, unachofanya ni kupunguza tu nguvu ya hewa juu yake.

Kwa hiyo ukiona nguo inaelea, kabla hujafanya lolote angalia vipimo. Na kwenye Blender hakikisha skeli ya modeli inasoma 1 pande zote tatu, siyo umeivuta tu na mausi ukaiacha na skeli ya 0.01. Bonyeza Ctrl+A upitishe skeli, ndo uanze.

Hatua za muda, hapa ndo kuna hesabu

Kompyuta haioni mwendo, inaona nukta zikiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Video ya fremu 24 kwa sekunde, fremu moja ni kama sekunde 0.042. Chukua mkono wa mhusika unaozungushwa kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, siyo kasi ya ajabu hiyo, mtu anapunga tu mkono. Ndani ya fremu moja mkono umeenda sm 12.5. Ukigawa fremu hiyo hatua 5, ambayo ndo difolti ya Blender, kila hatua mkono unaruka sm 2.5. Kama umeweka umbali wa kugusana wa mm 5 kati ya kitambaa na mwili, basi hatua moja kitambaa kiko juu ya ngozi na hatua inayofuata kiko ndani ya mfupa, na programu haikupata nafasi ya kuona kilichotokea hapo katikati. Hapo ndo unaona mkono unachomoza nje ya shati. Ukipandisha hadi hatua 20 mruko unakuwa mm 6 na kidogo, sasa mnaanza kuelewana.

Kuna solva zinazofuatilia njia nzima ya nukta kati ya hatua mbili badala ya kuangalia mwanzo na mwisho tu, Bridson, Fedkiw na Anderson waliiweka vizuri mwaka 2002 na kazi nyingi za filamu zimepita njia hiyo, ila usitegemee kila programu inafanya hivyo. Njia rahisi ni wewe kupiga hesabu yako: kitu chenye kasi kuliko vyote kwenye shoti kinaenda mita ngapi kwa sekunde, gawa kwa fremu, gawa kwa hatua, jibu lisizidi sana umbali wa kugusana uliouweka. Ukiwa na shoti ambayo mhusika amekaa tu anaongea, hatua 5 zinatosha, usijitese.

Upande mwingine wa hatua za muda ni kulipuka. Yaani unabonyeza plei, kitambaa kinatetemeka fremu mbili tatu halafu kinatawanyika skrini nzima kama miiba. Ukitaka kujua kwanini, fikiria kitambaa cha mita 1 kwa mita 1 kimegawanywa nukta kama 10,000, zikiunganishwa na springi ndogo ndogo. Kitambaa kina uzito wa gramu 200, kila nukta basi ni gramu 0.02. Springi ukiipa ugumu wa 1,000 N/m, ile njia ya kawaida kabisa ya kupiga hesabu mbele kwa mbele inahitaji hatua isiyozidi takriban sekunde 0.00014, ambayo ni kama hatua 7,000 kwa sekunde, karibu 300 kwa fremu moja! Ukipita hapo kila hatua inaongeza nguvu badala ya kuipunguza, na springi inajirusha yenyewe. Na ukiongeza nukta mara mbili kila upande, nukta zinakuwa mara nne, kila moja inakuwa nyepesi mara nne, hatua inabidi iwe nusu yake, jumla kazi imekuwa mara nane.

Ndo maana mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin walivyoonyesha namna ya kuruka hatua kubwa kwa kutumia njia ya implisiti, yaani unatafuta nguvu za mwisho wa hatua badala ya za mwanzo, watu wa filamu waliichangamkia. Blender nayo kwa ndani inatumia njia ya familia hiyo. Hailipuki kirahisi, ila kuna gharama ambayo watu hawaambiwi: hatua kubwa za implisiti zinakula mwendo, mikunjo midogo inakufa mapema na kitambaa kinaonekana kizito na kimechoka. Kwa hiyo hata kama hakilipuki, hatua ziongeze kidogo pale unapotaka nguo ichangamke, hasa ikiwa ya hariri.

Meshi

Mkunjo hauwezi kuwa mdogo kuliko meshi yako, hakuna ujanja. Ili mkunjo uonekane umepinda vizuri unahitaji angalau nukta nne tano kuuzunguka, kwa hiyo ukitaka mikunjo ya sm 2 kwenye kiwiko, umbali kati ya nukta na nukta uwe mm 5 au chini. Marvelous Designer inaanza na mm 20, na watu wakiona nguo imekaa kama kipande cha boksi wanalaumu aina ya kitambaa, kumbe ni huo umbali tu. Utaratibu mzuri ni kuanza na hiyo 20 wakati unapanga na kurekebisha, maana inaenda haraka, halafu mwishoni kabisa unashuka 10, unashuka 5, unaacha itulie, unahifadhi.

Umbo la pembetatu nalo lina neno. Ukichukua gridi ya miraba na kuikata yote kwa mlalo wa upande mmoja, kitambaa kitapenda kukunjika kufuata huo mlalo, utaona sketi imejikunja mistari iliyonyooka ambayo hakuna nguo duniani inajikunja hivo. Pembetatu zilizotawanyika bila mpangilio, zenye ukubwa unaokaribiana, zinaficha huo ugonjwa. Miraba haina shida kwa shuka au bendera, ila kwa nguo iliyokatwa kwa kupinda pinda mimi siitaki. Na usiache pembetatu ndefu nyembamba pembeni ya mshono, hizo ndo za kwanza kutetemeka.

Kata nguo kama fundi cherehani

Hapa nakaa kidogo maana ndo sehemu inayotenganisha nguo na ngozi ya pili. Watu wanachukua mwili wa mhusika, wanakopi ngozi yake ya nje, wanaipanua kidogo, wanasema hili ni shati. Likiwa limesimama linapendeza. Likianza kusogea halina pa kwenda: kitambaa hakina ziada popote, kila sehemu inafuata mwili, mikunjo inatokea mahali pasipoeleweka. Shati la kweli limetokana na vipande bapa vilivyoshonwa, na ile hali ya kutoka kwenye ubapa kwenda kuzunguka mwili ndo inazaa mikunjo ya begani, ya kwapani, ya kiunoni.

Kwa hiyo chora vipande. Mbele mbili, nyuma moja, mikono miwili, kola. Kama hujui vipimo chukua shati lako la zamani, lilaze mezani, pima upana wa kifua, urefu, tundu la mkono. Ongeza ziada: shati la kawaida lina sm 10 mpaka 15 zaidi ya mzunguko wa kifua, na hizo sm ndo mikunjo yako ya baadaye, ukizinyima usilie. Mkono wa shati pale juu unapoingia begani una kilima, na mstari wa kilima ni mrefu kidogo kuliko tundu lenyewe, ile ziada inabanwa ndani ya mshono na bega linapata mviringo. Ukivifanya virefu sawa bega linakuwa bapa na huwezi kuelewa kwanini.

Kwenye Marvelous Designer unachora vipande na kuvishona moja kwa moja. Kwenye Blender unavipanga vipande kuzunguka mwili, unaunganisha kingo kwa kingo na mistari isiyo na uso, unawasha setingi ya kushona ndani ya umbo la kitambaa na programu inaivuta hiyo mistari mpaka vipande vikutane. Wakati wa kushona zima uvutano au uuweke mdogo sana, vinginevyo shati litaanguka sakafuni kabla halijashonwa. Weka pia kikomo cha nguvu ya kushona, usiache sifuri maana sifuri hapo maana yake hakuna kikomo, vipande vitagongana kwa kasi.

Mwelekeo wa nyuzi usiusahau. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande zinazoenda na urefu na za mshindio zinazokatiza, na kwa pande hizo mbili hakivutiki karibu kabisa. Kivute mshazari, kwa digrii 45, kinalegea na kunyooka vizuri, maana hapo huvuti uzi wenyewe, unageuza tu miraba iwe kama almasi. Sketi iliyokatwa mshazari inashika nyonga na kumwagika chini kwa mawimbi laini, ile ile iliyokatwa kwa kunyooka inasimama mbali na mwili. Bila kugusa slaida hata moja. Kama programu yako inakubali ugumu tofauti kwa kila mwelekeo, zungusha kipande tu uone. Kama haikubali, angalau shusha ugumu wa mshazari uwe chini sana kuliko wa kuvutika, hiyo peke yake inatoa sura ya kitambaa cha kufumwa.

Na zile sehemu ambazo kitambaa kimekunjwa mara mbili au tatu, pindo la chini, kola, mwisho wa mikono, mstari wa vifungo, ziongezee ugumu wa kukunjika kwa kupaka kundi la nukta. Kola laini kama hariri inaua shati zima hata kama vingine vyote viko sawa. Mshono nao kwenye nguo halisi mara nyingi unavuta kidogo, ukipunguza urefu asili wa kingo za mshono kwa asilimia 2 au 3 utapata vile vikunyanzi vidogo pembeni yake, hasa kwenye jinzi, na macho ya mtu yanaamini papo hapo.

Mwili, na balaa la kwapa

Usigonganishe nguo na modeli yako kamili yenye kucha na kope. Tengeneza mwili wa pembeni, mwepesi, laini, bila vidole vilivyotengana kama siyo lazima, uufungie kwenye rigi ile ile (mifupa inayomwendesha mhusika), huo ndo nguo itagongana nao, kwenye renda, yaani picha ya mwisho, unauficha.

Anza kwenye pozi lililoachia mikono, A au T, nguo ikae, itulie, halafu mpe mhusika fremu 30 mpaka 50 kabla ya shoti kuanza ili aende taratibu mpaka kwenye pozi la kwanza. Ukianza shoti moja kwa moja fremu ya 1 mkono umeshakunjwa, kitambaa kinaruka kutoka T kwenda pozi ndani ya fremu moja, na kuanzia hapo unachosimuleti ni ajali.

Sasa kwapa. Animeta hana kosa, kwake mkono ukiingia sm 1 ndani ya mbavu haionekani kwenye kamera. Ila kitambaa kilichobanwa hapo katikati kinaambiwa na mkono "toka huku", na mbavu nazo zinasema "toka kule", na hakuna sehemu yoyote iliyo halali kwake kukaa. Kinatetemeka, halafu kinachagua upande mbaya, na mkono ukifunguka kinabaki kimenasa ndani. Nyuma ya goti na kwenye kiwiko ni hivo hivo. Baraff, Witkin na Kass waliandika kuhusu tatizo hili hili mwaka 2003, wakiwa Pixar, kwa hiyo ukilipata jua uko kwenye kampani nzuri. Dawa za kwetu za kawaida: fungua mkono kidogo kwenye animesheni ya mwili wa pembeni tu, siyo ule wa kurenda, digrii chache zinatosha. Au punguza unene wa mwili huo pale kwapani. Au zima kugongana na mbavu kwa zile nukta za chini ya mkono, hakuna anayeziona. Ya kwanza ndo bora kama una muda.

Kitambaa kujigonga chenyewe ni gharama kubwa, washa tu ukiwa na mikunjo inayolaliana au tabaka mbili. Umbali wa kujigonga uwe mdogo kuliko nusu ya umbali wa nukta na nukta, ukizidisha kitambaa kinajisukuma chenyewe hata kikiwa kimenyooka, kinavimba na kutetemeka bila sababu. Tabaka mbili kama koti juu ya shati, usizisimuleti pamoja kama huna haja: maliza shati, lihifadhi, lifanye kuwa kitu cha kugongwa, simuleti koti juu yake.

Haya, slaida

Uzito kwanza. Vitambaa vya kweli vinapimwa kwa gramu kwa mita ya mraba: pamba ya shati kama 120 mpaka 150, jinzi nzito inafika 400 na zaidi, hariri nyepesi iko chini ya 100. Programu za nguo zinatumia namba hizi. Blender ina mambo yake, uzito pale ni wa kila nukta, difolti kilo 0.3, kwa hiyo kitambaa cha nukta 10,000 kina uzito wa tani 3! Usishtuke, namba zake za ugumu nazo ni za ulimwengu huo huo, ila elewa kwamba ukigawanya meshi zaidi umebadilisha kitambaa, haijabaki kuwa kile kile chenye maelezo zaidi. Ndo maana unatyuni kwenye meshi nyepesi inapendeza, unapandisha meshi inakuwa kitu kingine. Amua wingi wa nukta mapema, tyuni hapo hapo.

Kuvutika: usiache kitambaa cha kufumwa kirefuke. Ning'iniza kipande cha mita 1, subiri kitulie, pima. Kikiwa mita 1.1 hiyo ni lastiki. Kabla hujaongeza ugumu ongeza hatua, maana solva nyingi hazijamaliza tu kazi yake ndani ya hatua ulizoipa, na ugumu ukiongezeka peke yake zinazidi kushindwa. Xavier Provot mwaka 1995 aliona springi zake zikirefuka kuliko kitambaa cha kweli, akaamua kila hatua ikiisha springi iliyozidi asilimia 10 irudishwe kwa nguvu, na wazo hilo bado linaishi ndani ya programu nyingi mpaka leo.

Kukunjika ndo slaida muhimu kuliko zote, na ndo ambayo watu wanaikisia kwa macho. Usikisie, kuna jaribio la Peirce la mwaka 1930 ambalo viwanda vya nguo bado vinalitumia, na unaweza kulifanya mezani kwako. Chukua kipande cha kitambaa unachotaka kuiga, upana sm 2.5, urefu kama sm 20. Kilaze juu ya meza, kisukume taratibu kivuke ukingo mpaka ncha yake ishuke kwenye mstari wa digrii 41.5 kutoka ukingoni. Huna haja ya kipima pembe, ni kila sm 10 za kwenda mbele, sm 8.8 za kushuka, chora mstari kwenye karatasi uibandike pembeni ya meza. Pima ni sm ngapi zimening'inia.

Sasa fanya hivo hivo kwenye 3D: boksi, kipande kile kile, meshi yenye wingi ule ule utakaotumia kwenye nguo, pini sehemu iliyo juu ya boksi (yaani ifunge isisogee), acha zile sm zile zile zining'inie. Sogeza slaida ya kukunjika mpaka ncha iguse mstari. Basi. Kuna na njia ya mkato: ugumu wa kukunjika unaenda na kipeo cha tatu cha urefu unaoning'inia (urefu × urefu × urefu), kwa hiyo kama cha kweli kinafika mstari kikiwa sm 6 na cha kwako mpaka sm 12, ugumu wako umezidi mara 8 (kama uzito uko sawa), gawa kwa 8 umemaliza. Fanya jaribio mara mbili, kipande cha mtande na cha mshindio, mara nyingi havilingani.

Dampingi weka kidogo kuliko unavyodhani. Inatuliza mitetemo ndiyo, na ndo maana inapendwa, ila ikizidi nguo inasogea kama iko ndani ya maji na ukishaizoea hiyo sura huioni tena. Msuguano wa nguo na mwili nao uangalie, ukiwa sifuri shati linateleza begani na suruali inashuka, hapo mwili unahitaji msuguano siyo pini. Pini ziache kwa sehemu zilizofungwa kweli, mkanda, kofia.

Kwa wanaoandika solva yao

Usianze na springi. Anza na njia inayoitwa XPBD, iliyotoka 2016 kwa Macklin, Müller na Chentanez, ikijengwa juu ya ile ya Müller na wenzake ya miaka ya nyuma. Unasogeza nukta, halafu unarekebisha mahali zilipo ili urefu urudi sawa, kasi unaipata mwishoni. Kiini chake ni hiki tu:

```
kwa kila hatua_ndogo:
    kwa kila nukta isiyo na pini:
        kasi = kasi + uvutano * dt
        pa_zamani = mahali
        mahali = mahali + kasi * dt

    kwa kila kamba (a, b):
        d = mahali[a] - mahali[b]
        kosa = urefu(d) - urefu_asili
        s = -kosa / (w[a] + w[b] + ulegevu / (dt * dt))
        mahali[a] = mahali[a] + w[a] * s * d / urefu(d)
        mahali[b] = mahali[b] - w[b] * s * d / urefu(d)

    sukuma nje nukta zilizoingia mwilini

    kwa kila nukta isiyo na pini:
        kasi = (mahali - pa_zamani) / dt
```

Kamba ni kiungo kati ya nukta mbili, `dt` ni urefu wa hatua ndogo kwa sekunde. `w` ni moja gawanya kwa uzito wa nukta, nukta yenye pini mpe sifuri haitasogea. `ulegevu` ni kinyume cha ugumu, ukiwa sifuri kamba haivutiki kabisa. Hicho kipande cha `ulegevu / (dt * dt)` ndo tofauti yake na ile ya zamani: kwenye ya zamani ugumu ulikuwa unabadilika ukibadilisha idadi ya marudio, hapa kitambaa kinabaki kile kile. Na usirudie kamba mara 20 ndani ya hatua moja, tumia hatua ndogo 20 zenye marudio mamoja, mwaka 2019 Macklin na wenzake walionyesha kwamba kwa kazi ile ile matokeo ni bora zaidi, na nguo inabaki na uhai.

Kwa kukunjika, njia nyepesi ni kamba kati ya zile nukta mbili za mbali za pembetatu mbili zinazopakana, yenye ulegevu mkubwa. Inatosha kwa kuanzia, ina udhaifu kwamba kitambaa kikiwa kimenyooka kabisa haihisi mikunjo midogo, ukifika hapo hamia kwenye kupima pembe kati ya pembetatu. Kwa kujigonga tumia gridi ya vyumba vya angani, kila nukta iulize majirani wa chumba chake na vya pembeni tu, ukilinganisha kila nukta na kila nukta kwenye nukta 10,000 ni jozi karibu milioni 50 kwa kila hatua na kompyuta itakufa.

Ukishamaliza

Beki kashe kwenye diski, yaani hifadhi matokeo ya hesabu, usicheze simulesheni laivu ukategemea irudie ile ile ukibadilisha kitu. Unene wa kitambaa unaongezwa baada ya simulesheni, siyo kabla, modifaya ya unene ikae chini ya ile ya kitambaa na ya kulainisha ikae chini yake tena, ukiiweka juu utakuwa unasimuleti tabaka mbili zinazopigana. Unene wenyewe mm 1 au 2 kwenye pindo tu unatosha kubadilisha picha nzima, maana ukingo usio na unene haushiki mwanga. Vifungo, zipu na mifuko vibandike kwenye pembetatu za nguo vifuate. Vikunyanzi vidogo kuliko mm 5 viache kwenye tekscha, hakuna haja ya kuvisimuleti.

Kama ni gemu na siyo filamu, simuleti pindo la sketi, koti sehemu ya chini na skafu tu, vingine vyote vifuate mifupa, na kila nukta iwekee umbali wa mwisho inaoruhusiwa kutoka kwenye mfupa wake: sifuri kiunoni, ikiongezeka taratibu ukishuka chini. Fremu zikishuka, huo umbali unakuokoa, nguo inaweza kukosea lakini haiwezi kukosea mbali.